Kisanduku Kifichwe Mahali ambapo Kila Mkono Utafika

(Hotuba ya Kamati ya Matembezi na Michezo, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kahawa Wendani)



Kamati yetu haina hesabu kubwa ya fedha ya kuwasomea, maana tulizotumia ni chache. Tumewaletea habari ya mchezo, na ya kosa tulilolifanya katika mchezo huo, na ya jinsi tulivyojaribu kulitengeneza. Jambo lenyewe laonekana dogo, walakini lagusa heshima ya wenzetu.

Mchezo huo huitwa jiokashingi. Mtu huficha kisanduku, akatangaza longitudo na latitudo za mahali pale, na mwingine huzifuata kwa simu yake mpaka akipate. Ndani mna kijitabu. Mpataji hutia jina lake na tarehe, kisha hukirudisha kisanduku palepale kimngoje mwingine. Hakuna fedha inayoshindaniwa. Mchezo huu ulianzia Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya huko iliondoa kizuizi kilichokuwa kikipunguza usahihi wa ishara za satelaiti kwa raia. Na siku ya pili yake Bwana Dave Ulmer akaacha ndoo porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, na miongoni mwa vitu alivyovitia ndani mlikuwa na kopo la maharage. Tangu hapo mchezo umeenea katika nchi nyingi, na Kenya pia visanduku vimo.

Vijana wetu walipoomba tuuanzishe hapa, tulikubali kwa furaha. Tuliona kwamba utawatoa watu nyumbani, utawatembeza kwa miguu, na utawakutanisha wazee na watoto. Tukaficha visanduku vitano, tukawaalika wanachama wote siku ya Jumamosi asubuhi.

Sasa twaungama kosa letu. Kisanduku cha kwanza kilikuwa ng'ambo ya mtaro usio na kivuko. Cha pili kilikuwa katika panda ya mti, juu kuliko kichwa cha mtu mzima. Cha tatu kilikuwa ndani ya ua wa miiba. Mzee mmoja wetu, atumiaye kiti cha magurudumu, alikuja mapema kuliko sisi sote, amevaa koti lake la mikutano. Alipofika penye mtaro alisimama. Tukamwambia, kwa nia njema, “Mzee, wewe keti hapa kivulini utuangalizie mikoba.” Naye aliiangalia mikoba yetu mpaka saa saba ya mchana. Tuliporudi tukicheka na kusimuliana, hakutulaumu hata kidogo. Alituuliza tu, “Je, mkoba wa nani umepotea?” Neno hilo lilituingia moyoni. Mtu aliyekuja kucheza tulimfanya mlinzi, tena tulidhani tumemtendea hisani.

Tulipokutana tena katika kamati, wengine walisema mchezo huu si wa watu wote, kwa hiyo na tuwatafutie wenzetu mchezo mwingine wa kuketi. Wengine tulikataa. Tulisema: mtaro ule hakuuchimba mzee yule, wala si yeye aliyeukweza mkono wetu mpaka panda ya mti. Mahali tulipachagua sisi wenyewe. Afichaye kisanduku ndiye aamuaye nani atacheza na nani atalinda mikoba.

Wenye mchezo huu duniani walikwisha kuliona jambo hili. Kila kisanduku hupewa daraja mbili, kuanzia 1 mpaka 5: moja ni ya ugumu wa kukitafuta, na ya pili ni ya ugumu wa njia. Njia ya daraja la 1 yapasa kuwa njia iwezayo kupitwa na mtu mwenye kiti cha magurudumu. Angalieni hekima ya kuzitenga daraja hizo. Njia yaweza kuwa nyepesi kabisa, na fumbo likawa gumu la kumtoa mtu jasho. Mwenye kiti cha magurudumu hakuomba apewe mchezo wa kitoto. Aliomba njia tu. Akili yake yataka kushindana kama yetu.

Basi tulianza upya, na safari hii tulimwomba mzee yule atutangulie. Alipopita yeye, ndipo tulipoandika njia. Tulijifunza mengi kwa asubuhi moja. Njia isipungue sentimita 90 kwa upana. Kisanduku kiwekwe kati ya sentimita 40 na 120 kutoka ardhini, ili aliyeketi akifikie bila kuinama sana wala kunyoosha mkono kupita kiasi. Kifuniko kiwe chepesi kufunguliwa na mtu mwenye mkono mmoja, au mwenye vidole vilivyokakamaa. Tena njia ikaguliwe baada ya mvua, kwa sababu udongo wetu mwekundu, uliokuwa mgumu kama sakafu mwezi wa Februari, huwa utelezi mtupu mwezi wa Aprili.

Kwa wenzetu wasioona, simu za siku hizi huweza kusoma maandishi kwa sauti, nazo humwongoza mtu mpaka karibu. Lakini satelaiti hukosea mita kadha wa kadha, na mita hizo za mwisho ndizo zinazomtesa asiyeona. Kwa hiyo tuliandika dokezo la mkono: gome la mti lililokwaruza, nguzo ya chuma iliyo baridi, jiwe lenye tundu. Mama mmoja asiyeona alikipata kisanduku cha nne kabla ya vijana wote, kwa kuwa wao walikuwa wakitazama simu, naye alikuwa akipapasa ukuta. Kwa wenzetu viziwi, twahakikisha kwamba hakuna dokezo litegemealo sauti, na maelezo yote yameandikwa. Kwa wale waonao taabu kusoma maneno mengi, twatumia sentensi fupi na picha.

Wako watakaouliza: watu hawa ni wangapi, hata tujisumbue hivi? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000, wenye umri wa miaka 5 na zaidi, walio na ulemavu. Na sehemu hizi zetu si ngeni kwa jambo hili: Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na Joytown, huko huko Thika, imewalea watoto wengi wenye ulemavu wa viungo. Tena Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kufika mahali pote kwa kadiri ifaavyo.

Lakini hata bila sheria, wahenga walituonya: hujafa hujaumbika. Bwana Henry Wanyoike wa Kikuyu alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, naye bado kijana. Katika michezo ya Paralimpiki ya Sydney, mwaka 2000, alishinda mbio za mita 5,000, na ni yeye aliyemvuta kiongozi wake aliyechoka mpaka wakamaliza. Nani basi ajuaye ni yupi atakayemvuta mwenziwe kesho? Na wazee tulio humu, magoti yetu yamekwisha kutuambia habari yake.

Jambo moja la usalama hatuna budi kulitaja. Kisanduku kisichojulikana chaweza kutia watu hofu, na hofu hiyo ina sababu katika nchi yetu. Kwa hiyo twaomba ruhusa ya mwenye mahali, twatumia chombo kioneshacho yaliyomo, twaandika juu yake kwamba ni cha mchezo, wala hatufichi chochote karibu na kambi ya jeshi ya Kahawa.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kisanduku chochote cha chama kisitangazwe kabla njia yake haijapitwa na mwanachama mwenye ulemavu. Pili, katika kila visanduku vitano, vitatu kwa uchache viwe vya njia ya daraja la 1. Tatu, fedha kidogo itengwe kwa kivuko cha mbao juu ya mtaro ule, ambacho kitawafaa pia akina mama wenye watoto mgongoni na wachuuzi wenye mikokoteni.

Mwisho, twawaarifu kwamba mzee wetu sasa ndiye mfichaji mkuu wa kamati. Kisanduku chake cha kwanza ki katika njia iliyo sawa kabisa, wala hakiko juu wala chini, na mpaka leo nusu yetu hatujakipata. Kila tumwombapo dokezo hutujibu, “Nendeni mkatafute; mimi nitawaangalizia mikoba.”