Hesabu ya Kugawa Kilichopo



Leo tunafurahia miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Lakini wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo nawaombeni ruhusa nieleze hesabu iitwayo upangaji wa mstari, yaani njia ya kugawa kilicho kichache ili gharama iwe ndogo kabisa, au faida iwe kubwa kabisa.

Hesabu hii ilizaliwa kazini. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich wa Leningrad, baada ya kuombwa shauri na watengenezaji wa mbao za plaiwudi juu ya kugawa kazi baina ya mashine, aliichapisha njia yake. Mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani alitunga njia ya simpleksi, itumikayo hata leo.

Natutazame mfano. Tuseme ghala la Juu lina tani 60 za pamba, na ghala la Chini tani 40. Vinu viwili vya kuchambulia vyahitaji tani 50 kila kimoja. Nauli ya tani moja kutoka Juu ni shilingi 4 hadi kinu cha kwanza, na 6 hadi cha pili. Kutoka Chini ni shilingi 6 na 10. Mwenye haraka atakimbilia nauli ya shilingi 4: tani 50 za Juu ziende kinu cha kwanza, 10 zilizosalia cha pili, basi tani 40 za Chini hazina budi kwenda cha pili. Jumla, shilingi 660. Sasa tupeleke zote 40 za Chini kinu cha kwanza pamoja na 10 za Juu, na 50 za Juu cha pili. Jumla, shilingi 580. Shilingi 80 zimeokolewa pasipo kununua lori wala kumpunja mkulima hata ratili moja.

Hata hivyo, hesabu haijui haki. Hutii masharti iliyopewa tu. Chama cha msingi kilicho mbali, chenye barabara mbovu, kitaachwa iwapo hatukuandika sharti la kuchukua mazao yake. Na mizani ikidanganya, jibu nalo hudanganya. Kwa sababu hiyo masharti na yawekwe na mkutano mkuu, wala si karani peke yake; na nauli zisomwe mbele ya wanachama wote. Hapo ndipo hesabu itakapokuwa mtumishi wa ushirika, si bwana wake.