Saa za Mgonjwa: Gharama Isiyoandikwa Katika Bima ya Afya kwa Wote

Tangu Bunge la Tanzania lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mijadala yetu imekuwa ya fedha: kaya ichangie kiasi gani, nani alipiwe na serikali, kitita kibebe huduma zipi. Mijadala hiyo haikwepeki. Lakini mwulize mgonjwa siku ya hospitali ilimgharimu nini. Hataanza na mchango. Ataanza na saa aliyoamka.

Tumfuate mgonjwa mmoja, wa kubuni, ila anafahamika na kila aliyewahi kukaa dirishani hospitalini. Ni mama mwenye kisukari na shinikizo la damu, anauza chapati stendi, na kadi yake ya bima iko hai. Siku ya kliniki anapanda daladala ya kwanza. Akifika anakuta kadi za kliniki zimepangwa kwenye benchi kwa mfuatano wa waliotangulia, wenyewe wameegemea ukuta. Mapokezi yakifunguliwa anahakikiwa. Mtandao ukikatika, foleni nzima inaganda. Anapimwa presha, anapimwa sukari, anamsubiri daktari, anaandikiwa vipimo, anapanga foleni ya maabara, anasubiri majibu, kisha anarudi kwa daktari yule yule. Hapo mlangoni ndipo ugomvi mwingi huzuka, maana wenye majibu na wale ambao hawajaonwa kabisa wanagombea mlango mmoja, na muuguzi ndiye anayetukanwa. Saa nane mchana yuko dirisha la dawa. Dawa moja ipo, nyingine imeisha. Anajaziwa fomu akaichukue duka lenye mkataba na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Duka la kwanza halina. La pili ni mpaka apande bodaboda.

Mama huyu hajauza chapati hata moja. Amelipa nauli, amekula kwa mama lishe nje ya geti, na kesho mtaji umepungua. Kwenye vitabu vya Mfuko, amehudumiwa na hakulipa kitu.

Kipimo cha kimataifa kilichotumika kwa miaka mingi kinasema kaya imeelemewa pale malipo ya matibabu kutoka mfukoni yanapozidi asilimia 10 ya matumizi au kipato chake. Nauli haimo katika hesabu hiyo. Siku ya kazi iliyopotea nayo haimo. Kwa kipimo hicho mama yetu yuko salama kabisa.

Upo ugonjwa mmoja ambao dunia imeukubalia hesabu tofauti, nao ni kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Shirika la Afya Duniani liliona kwamba pamoja na ubure huo familia zilikuwa zinafilisika, kwa hiyo katika kifua kikuu likahesabu pia nauli, chakula na kipato kilichopotea, na likaweka mstari kwenye asilimia 20 ya kipato cha mwaka cha kaya. Sioni kwa nini hesabu inayomfaa mwenye kifua kikuu isimfae mwenye kisukari, ambaye kwenda kwake kliniki hakuishi baada ya miezi sita. Ni safari ya maisha.

Wapo watakaosema muda hauna bei. Nawaomba watazame kliniki za malipo binafsi zilizo ndani ya hospitali zetu kubwa za umma. Daktari anaweza kuwa yule yule, na maabara ile ile. Kinachouzwa pale, kwa sehemu kubwa, ni foleni fupi. Hospitali ya umma ikishaweka bei ya kutosubiri, imekiri kwamba kusubiri ni malipo. Yaani asiyelipa fedha analipa saa, na risiti hapewi.

Sidai kwamba kila foleni ni aibu. Uchangiaji wa gharama ulipoingizwa kwetu mwaka 1993, wako waliobaki nyumbani na ugonjwa wao. Bima ikiwaleta hospitali, benchi litajaa, na kujaa huko ni heri kuliko benchi tupu la watu waliokata tamaa. Uingereza, ambako huduma ya taifa ilianza Julai 1948, bado wanasubiri. Ahadi yao ni kwamba mgonjwa aliyepewa rufaa kwa matibabu yasiyo ya dharura aanze kutibiwa ndani ya wiki 18, na mwaka 2023 orodha ya England ilipita kesi milioni 7.7. Ni hali mbaya. Lakini tunajua ni mbaya kwa sababu wanahesabu na kutangaza kila mwezi, na waziri anaulizwa bungeni kwa tarakimu. Sisi foleni zetu tunazijua kwa macho tu.

Na foleni hazizaliwi na uhaba wa madaktari peke yake. Tarehe 1 Machi 2024, bei mpya za kitita cha NHIF zilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwapokea wenye kadi. Ubishi ulikuwa wa wakubwa, lakini aliyetoka na mtoto mwenye homa akarudishwa getini ndiye aliyelipa. Kenya nako, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliporithi kazi za NHIF yao tarehe 1 Oktoba 2024 na waajiriwa wakaanza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, mfumo wa kuhakiki ulisumbua, na wagonjwa waliokwisha ruhusiwa walibaki wodini wakingoja idhini. Rwanda wana nafuu moja ninayoitamani. Mwenye mutuelle de santé anajua kabla hajatoka nyumbani kwamba kituo cha afya atalipa faranga 200 na hospitali asilimia 10 ya bili. Kujua tu ni nusu ya utulivu.

Sasa nije kwenye uhai wa mifuko yenyewe. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa kaya nyingi hicho si kiwango cha kutisha, lakini wengi hawakurudi kuhuisha kadi. Waulizeni waandikishaji wa vijijini jibu walilopewa: nilikwenda nikashinda, dawa nikaambiwa nikanunue. Mwenye afya njema akisikia hivyo kwa jirani hajiungi. Anajiunga mgonjwa, kwa sababu hana njia nyingine, na mfuko unabaki na wagonjwa watupu. Tuliliona hilo kwenye Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF ya shilingi 50,400, iliyositishwa mwaka 2023 baada ya Mfuko kueleza kuwa wazazi walikuwa wanawaandikisha watoto waliokwisha ugua. Sheria mpya inataka kila mtu ajiunge. Sawa, lakini mchuuzi hakatwi kwenye mshahara, na mama aliyepoteza siku nzima benchini atakuwa balozi mbaya wa sheria hiyo mtaani kwake.

Dawa ya tatizo hili hatuhitaji kuiagiza nje. Wanaotumia dawa za kufubaza VVU, wakiwa imara, hupewa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na kliniki zao zilipungua msongamano. Mwenye presha aliyetulia anaitwa kila mwezi kwa nini? Kadi za kliniki huandikwa tarehe tu, ndiyo maana wote wanafika alfajiri. Zikiandikwa na saa, nusu ya benchi itahamia mchana. Na mfumo wa kielektroniki kama GoTHOMIS, unaomfuata mgonjwa kutoka mapokezi hadi duka la dawa, unaweza kutumika pia kueleza amepitisha saa ngapi humo ndani.

Kwa hiyo naomba semina hii ipeleke Wizarani maombi mawili. Kila kituo chenye mkataba na Mfuko kibandike ubaoni kila mwezi wastani wa saa tangu mgonjwa anapoandikishwa mpaka anapopewa dawa, pamoja na orodha ya dawa zilizokosekana. Na wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu walio imara wapewe dawa za miezi mitatu, kuanzia mwaka ujao wa fedha.