Kengele Ikinyamaza: Mada kwa Wanafunzi wa Kidato cha Sita Wanaojiandaa Kwenda Chuo Kikuu



Ninafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha umma, kozi ya stadi za mawasiliano, na huu ni mwaka wangu wa 14. Kozi hiyo husomwa na karibu kila anayeingia, kwa hiyo nawaona wote: wa PCB na wa HKL, waliotoka shule za vipaji maalumu na waliotoka shule za kata, wenye daraja la kwanza na waliopenya kwa pointi nne za masomo mawili. Nitasema kile ninachokiona kati ya Novemba na Februari, maana humo ndimo mwanafunzi anaposimama au kuanguka.

Mwaka juzi, wiki ya tano ya muhula, kijana mmoja alibisha hodi ofisini kwangu. Alikuwa amekumbatia kaunta buku tatu zilizofunikwa kwa karatasi za kaki, kila moja na jina lake kwenye jalada. "Shikamoo, mwalimu. Nimeleta madaftari, naona bado hamjayakusanya kusahihisha." Nikayafungua. Mistari ya pembeni imepigwa kwa rula na wino mwekundu, vichwa vya habari vimepigiwa mstari, na karibu kila neno nililolitamka darasani lilikuwamo. Nikamuuliza kama alikabidhi kazi ya kwanza. Akaniuliza, "Kazi gani?"

Kazi yenyewe ilikuwa imeandikwa kwenye mwongozo wa kozi niliougawa siku ya kwanza, pamoja na tarehe ya kukabidhi. Ilikuwa na alama 10 kati ya 40 za kazi za muhula, na siku ilikwisha pita. Kijana yule alikuja na daraja la kwanza. Hakuwa mvivu wala mtoro. Alikuwa mtiifu kuliko wenzake wengi, na alikuwa anangoja aambiwe.

Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba wanaoanguka mwaka wa kwanza ni wale wasio na akili.

Mazoea ya kuongozwa

Tufikirie siku ya mwanafunzi wa bweni. Saa kumi na moja alfajiri kengele inalia, mnaamka. Usafi, paredi, vipindi, chakula, michezo, na saa moja jioni prepo. Mwalimu wa zamu anapita na daftari la majina. Matroni anajua nani hakula. Akitoroka mtu, kiranja anajua kabla ya mkuu wa shule. Mwanafunzi wa kutwa naye ana mama anayemwamsha na mwalimu anayeita majina asubuhi. Ukijumlisha msingi, sekondari na kidato cha tano na sita, ni miaka 13 ya kuongozwa na sauti ya mtu mwingine. Mtihani ukiisha mwezi Mei, wengi wenu mtaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na huko nako kuna filimbi. Filimbi ikishanyamaza mnarudi nyumbani, na baada ya miezi michache mko chuoni, mahali ambapo hakuna atakayekuita.

Mhadhiri ataingia, atafundisha, atatoka. Usipokuja, hatajua. Katika ukumbi wa watu 400 mimi sijui nani hayupo, na nasema hivi kwa masikitiko kwa sababu ningependa kujua.

Sasa angalieni hesabu hii, maana wengi huisikia baada ya kuchelewa. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Kozi ya krediti 12 inakudai saa 120. Saa za kukaa mbele ya mhadhiri mara nyingi hazifiki hata nusu ya hizo. Zilizobaki ni zako: maktaba, kimbweta, majaribio ya maabara, kundi la majadiliano, na wewe peke yako na kitabu. Mwanafunzi mpya akiona kwenye ratiba kwamba Jumatano ana kipindi kimoja tu, anafurahi na kusema chuo ni rahisi. Chuo kimempa Jumatano nzima aisomee, na yeye ameiona kuwa ni likizo.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ninyi wa kidato cha sita ni kuanza sasa, kengele ikiwa bado inalia. Chagueni siku moja katika wiki muamke kwa saa yenu wenyewe kabla ya kuamshwa. Tengeni saa mbili za Jumapili ambazo hakuna mwalimu aliyezipanga, na usiku wa Jumamosi andikeni kwenye karatasi mtafanya nini katika saa hizo. Jumapili jioni tazameni karatasi. Wiki za mwanzo mtaona aibu, maana mlichoandika na mlichofanya havitalingana. Wiki ya sita au ya saba vitaanza kukaribiana.

Kuuliza

Mimi mwenyewe nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, mwaka wa kwanza, katika kozi ya takwimu. Sikuelewa wiki ya pili, nikanyamaza. Wiki ya tatu ilijengwa juu ya ya pili, nikazidi kupotea, na kufikia wiki ya nane nilikuwa nakaa nyuma kabisa ili nisionekane. Mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa anaielewa vizuri, na hata siku moja sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa wa kwanza katika shule yangu na niliona haya. Nililipia aibu hiyo kwa likizo nzima.

Wengi wenu mmekuwa wa kwanza au wa pili darasani. Mkifika chuoni mtakuta ukumbi mzima ni wa kwanza na wa pili. Jizoezeni kusema "sijaelewa" mbele ya watu tangu sasa. Tafuteni somo mnalolihofia, na kila wiki mpelekeeni mwalimu wake swali moja lililoandikwa. Chuoni kila mhadhiri ana saa za kuonana na wanafunzi, zimebandikwa mlangoni, na ninawaambia kwa uchungu kwamba saa zangu nyingi hupita bila mtu kubisha hodi, ilhali baada ya matokeo foleni hufika kwenye ngazi.

Kuna jambo moja kuhusu madesa. Mtayakuta: maelezo ya mwaka uliopita, yamenakiliwa mpaka herufi zimefifia, yanauzwa kwenye vibanda vya fotokopi au kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Yasomeni kama msaada. Anayesoma madesa peke yake anajibu maswali ya mhadhiri wa mwaka jana. Na msinakili maandishi ya mtu mkayaita yenu. Sekondari mlisifiwa kwa kurudisha maneno ya mwalimu kama yalivyo. Chuoni kurudisha maneno ya mwenye kitabu bila kumtaja ni wizi wa kitaaluma, na adhabu yake yaweza kuwa kufukuzwa.

Kiingereza nacho ni kikwazo, na haifai tukifiche. Mmesoma kwa lugha hiyo miaka sita, lakini wengi wenu mmeitumia kujibu maswali mafupi. Chuoni utatakiwa uandike kurasa nane zenye hoja moja. Dawa ninayoijua ni hii: kila wiki soma sura moja ya kitabu chochote, kifunge, kisha andika mistari kumi kwa maneno yako kueleza ilisema nini. Nimeona wanafunzi wa sayansi waliofanya hivyo wakiandika vizuri kuliko wa lugha.

Alama za mwaka wa kwanza hazifutwi. Katika mizani ya 5.0, daraja la kwanza huanzia GPA ya 4.4 na daraja la pili la juu 3.5, na hesabu hiyo hubeba miaka yote. Anayeanza na 2.3 akisema atarekebisha mwaka wa pili huwa amejitwisha mzigo wa miaka miwili.

Makaratasi

Wazazi, hapa nawaomba msikilize zaidi kuliko watoto.

Kila mwaka nakutana na mwanafunzi mwenye haki ya mkopo aliyeukosa, au aliyeupata kwa kuchelewa mno, kwa sababu ya herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cheti cha kidato cha nne kinasema Muhammad. Kitambulisho cha NIDA kina majina mawili, matokeo yana matatu. Nyumbani huyo ni mtoto yule yule, lakini mfumo wa kompyuta unaona watu wawili. Kurekebisha kunahitaji hati ya kiapo au zaidi ya hapo, na kunahitaji siku ambazo dirisha la maombi halikupi.

Bodi ya Mikopo hupokea maombi kwa mtandao katikati ya mwaka, na fomu huambatanishwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa aliyezaliwa huko. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Fomu inahitaji sahihi ya mdhamini na ya serikali ya mtaa au kijiji. Mtoto akiwa kambini JKT na baba yuko safarini, nani atazunguka na karatasi hizo? Kaeni muamue sasa. Mkumbuke pia kwamba ni mkopo: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Hilo lisimtishe mtu kuomba, ila alijue.

Udahili wenyewe tangu 2017 unafanyika kwa kuomba moja kwa moja chuoni. TCU hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo kinachoonyesha kila programu, sifa zake na nafasi zilizopo. Kisomeni mstari kwa mstari. Kwa jumla sharti la chini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1, lakini kila programu inataja masomo yake. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja anapaswa kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliowekwa. Asiyethibitisha hupoteza vyote. Msiombe kwa kumsikiliza mwenye kibanda cha intaneti. Na msichague programu kwa jina lake kuwa zuri masikioni mwa majirani. Mtafuteni mtu mmoja anayefanya kazi hiyo, mkae naye siku nzima.

Ambaye pointi hazikutosha, njia ya stashahada katika vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET ni njia kamili. Nimefundisha waliopitia huko, na mikono yao ilikuwa imezoea kazi.

Bumu

Fedha ya chakula na malazi, bumu kwa lugha ya wanafunzi, huja kwa mikupuo. Tuchukue hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku: ya siku 60 ni shilingi 600,000 zinazoingia kwa mara moja kwenye akaunti ya kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kushika hata laki moja iliyo yake. Wiki ya kwanza simu mpya, wiki ya pili viatu, wiki ya tano anakula mhogo na chai na kukopa kwa wenzake. Wa namna hiyo huacha kuja darasani, maana tumbo tupu halisikilizi mhadhara.

Mzazi, mpe mwanao fedha ya matumizi ya nyumba nzima kwa wiki mbili, likizo hii. Aende sokoni, anunue unga, mafuta, sabuni na umeme, aandike kila senti, na ikimwishia mapema familia ile kilichobaki. Na bumu la kwanza huchelewa: asiondoke nyumbani akilitegemea kwa nauli na chakula cha wiki za mwanzo.

Neno moja kwa mabinti, na kwa wavulana pia. Mtu yeyote mwenye mamlaka juu ya alama zako akikutaka kimapenzi, huo ni uhalifu chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usiende peke yako ofisini kwake, tunza ujumbe aliokutumia, mwambie mtu unayemwamini, piga TAKUKURU namba 113. Kosa si lako hata chembe.

Mwisho nawageukia wakuu wa shule. Nawaomba mwachie saa moja ya prepo kila wiki katika muhula huu wa mwisho isiwe na mwalimu wa zamu, isiwe na kengele, kila mwanafunzi ajipangie mwenyewe. Wengine wataichezea. Afadhali waichezee hapa, mkiwa bado mnaweza kuwaita na kuzungumza nao. Nanyi wazazi, mkifika nyumbani leo jioni, toeni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kiwekeni mezani kando ya cheti chake cha kidato cha nne, na myasome majina herufi kwa herufi, yeye akiwa amekaa hapo hapo.