KAUNTI YA KILIFI NA WAFANYA KAZI WAKE

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Bombolulu)



Mkutano uliopita wenzetu waliuliza: Kilifi yatuhusu nini sisi tunaofanya kazi Mombasa? Twajibu hivi. Ukipanda matatu ya Malindi hapa Bombolulu, ukapita Bamburi na Shanzu, utafika daraja la Mtwapa. Ng'ambo yake ni Kilifi, na wengi wetu tuliomo humu kwetu ni huko.

Kaunti ile ina kilometa mraba 12,600 hivi. Nchi kavu ya Mombasa yote ni kama 220 tu. Katika hesabu ya watu ya 2009 Kilifi ilikuwa na watu 1,109,735. Ilipofika 2019 walikuwa 1,453,787. Watu wameongezeka zaidi ya 344,000, na ardhi ni ile ile.

Tena ardhi yenyewe si sawa. Karibu na bahari minazi, mikorosho na miembe yastawi. Ukienda Ganze na bara ya Magarini mvua ni haba, na masika yakikosa, kama yalivyokosa 2021 na 2022, mahindi hukauka na mifugo hufa.

Kazi za mshahara ni chache: mkonge wa Vipingo, chumvi ya Gongoni na Marereni, saruji, na hoteli za Malindi na Watamu, ambazo hupunguza watu wageni wakiadimika. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichoanza miaka ya 1970, kilifungwa miaka ya 1990. Mkulima akabaki na mchuuzi na bei ya mchuuzi.

Kwa hiyo vijana huja huku. Alfajiri wamejaa langoni, na msimamizi humwambia kibarua aliye ndani: "Umechoka? Toka, wenzako wako nje." Maneno haya nani kati yetu hajayasikia? Tena husemwa kwamba mtu wa Pwani ana shamba na nazi kwao, basi mshahara mdogo wamtosha. Hesabu hiyo ni ya kikoloni, na hata kamati ya Carpenter, iliyowekwa na serikali ya wakoloni wenyewe, ilikiri mwaka 1954 kwamba mshahara wa namna hiyo haulishi mtu na mke na watoto. Siku hizi shamba halitulishi; sisi ndio twalilisha. Mbegu, unga na karo vyatoka katika ujira wa hapa.

Kijana wa langoni si adui. Ni mdogo wetu, na kesho ndiye kibarua. Mwambieni kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007: kibarua akifanya siku za mfululizo ambazo jumla yake yafikia mwezi, huhesabiwa mtu wa mshahara wa mwezi. Lakini bila ushahidi atakanushwa. Kila kibarua aandike katika daftari tarehe alizofanya kazi na jina la msimamizi wake. Mkienda nyumbani mwisho wa mwezi, chukueni madaftari mawili matatu mkawape wanaojiandaa kuja. Yako kwa katibu, hayauzwi.