Ufundi wa Kufuli ni Kazi ya Kuaminiwa

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Kwaluguru, Handeni)



Leo tuzungumze juu ya ufundi wa kufuli na vitasa. Najua mtu mmoja atasema moyoni: "Hapa kwetu nyumba nyingi zina komeo la mbao tu. Fundi wa kufuli atakula nini?" Ni swali zuri. Tulijibu kwanza.

Tazameni kijijini. Duka lina kufuli. Ghala la mahindi lina kufuli. Ofisi ya kijiji ina kitasa. Chumba cha dawa katika zahanati kina kitasa. Sasa ufunguo ukipotea, tunafanya nini? Tunachukua nyundo na mtalimbo. Tunavunja kufuli, na fremu ya mlango inapasuka. Au mtu anapanda gari kwenda Korogwe kuchongesha ufunguo mmoja. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na siku nzima ya jembe imepotea. Na kama ni chumba cha dawa, mgonjwa anangoja nje.

Basi kazi ipo. Lakini tuseme kweli: kijijini kufuli peke yake halimlishi fundi mwaka mzima. Anayefanikiwa ni seremala anayejua vitasa, au fundi wa kuchomelea milango ya chuma anayejua makufuli. Ufundi huu ni tawi, na shina lake ni useremala au uchomeleaji. Lishikeni hilo, maana litatusaidia tutakapozungumza juu ya cheti.

Kufuli hufanyaje kazi?

Watu wengi hudhani ndani ya kufuli mna uchawi. Hamna uchawi. Mna vipimo.

Chukueni kufuli la kawaida, lile la ufunguo wenye meno upande mmoja. Ndani yake kuna silinda, yaani kipande cha mviringo kinachozunguka. Kuna vitundu vyembamba vilivyopangwa mstari mmoja. Katika kila kitundu kuna pini mbili, moja juu ya nyingine, na springi ndogo inayozisukuma. Ufunguo usipokuwamo, pini ya juu hukaa nusu ndani ya silinda na nusu nje. Hapo silinda haizunguki.

Ufunguo wake ukiingia, kila jino huinua pini zake kwa kipimo chake. Mahali pini mbili zinapokutana panakuwa sawasawa na ukingo wa silinda. Hakuna tena kizuizi. Silinda inazunguka, kufuli linafunguka. Jino moja likizidi au likipungua kidogo tu, kufuli linakataa. Ndiyo maana fundi wa funguo hupima kwanza, kisha hupiga tupa polepole, kisha hupima tena.

Wazo la pini ni la kale sana. Wamisri wa kale walikuwa na makufuli ya mbao yenye pini. Katika miaka ya 1860, Mmarekani Linus Yale, mtoto wa fundi wa kufuli wa jina hilohilo, alitengeneza kufuli la chuma la namna hii lenye ufunguo mdogo bapa. Makufuli mengi ya madukani leo yanafuata njia hiyo.

Hapa niwape faida moja ya bure. Kitasa kikiwa kizito, msikitie mafuta ya kupikia. Mafuta hayo hushika vumbi, na vumbi la kwetu mnalijua. Chukua penseli yako ya kisomo, kwangua risasi yake iwe unga laini, upake unga huo kwenye ufunguo. Ingiza, zungusha, toa, rudia. Kitasa kitalainika.

Mtu atajifunza wapi?

Njia ya kwanza ni uanagenzi, yaani kujifunza kazini kwa fundi. Mwanagenzi huanza na kufuli bovu. Hulifungua, huzipanga pini mezani kwa utaratibu, kisha hulirudisha. Halafu hujifunza kutoboa mlango kwa patasi ili kitasa kikae sawa bila kuchezacheza. Vifaa vya kuanzia si vingi: tupa ndogo, jiliwa la kubania kazi, bisibisi, patasi, nyundo na keekee.

Njia ya pili ni chuo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 ili watu wazima wapate mahali pa kujifunza kazi. Handeni tunacho chuo chetu. Vyuo hivi hufundisha fani kama useremala, uashi na ushonaji. Viko pia vyuo vya VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mjini Tanga kuna chuo cha VETA. Ukienda chuoni, uliza fani ya useremala au ya uchomeleaji. Vitasa utavikuta humo, katika kazi ya milango.

Njia ya tatu wengi hawaijui. Ni ya mtu ambaye tayari ni fundi, ila hana karatasi. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Mtathmini hukuuliza maswali, hukupa kazi uifanye mbele yake, akaona mikono yako. Palipopungua, unaongezewa mafunzo. Ukifaulu, unapata cheti. Useremala ni mojawapo ya fani zilizomo. Kwa hiyo seremala wa miaka mingi asiseme, "Mimi nimezeeka, siwezi kukaa darasani na watoto." Akaulize kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, au chuoni penyewe.

Kwa nini cheti?

Ndugu zangu, hapa ndipo kiini cha mazungumzo yetu. Fundi wa baiskeli akikosea, baiskeli inaharibika. Fundi wa kufuli akikosea, jirani anaibiwa. Na hata asipokosea, siku duka likivunjwa, macho ya kijiji yatamgeukia nani? Yule anayejua kufungua milango. Sheria nayo ni kali. Kanuni ya Adhabu inasema ni kosa kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu ya halali. Fundi asiye na maandishi yoyote atajiteteaje?

Kwa hiyo fundi wa kufuli ana silaha mbili za kulinda jina lake. Ya kwanza ni cheti. Ya pili ni daftari, na hii hamhitaji kuingoja, maana kusoma na kuandika mnajua tayari.

Kila kazi iandikwe: tarehe, jina la mwenye mlango, kazi iliyofanyika, bei, na sahihi. Mtu akikuita ufungue mlango ambao humjui mwenyewe, usifungue kwa maneno matupu. Mwite mwenyekiti wa kitongoji au jirani ashuhudie, naye aandikwe. Mtoto akileta ufunguo wa dukani uchongewe wa pili, mrudishe aje na mzazi wake. Ufunguo wa mteja usibaki kwako, wala usijichongee mfano wake. Na wale wanaotaka ufunguo malaya, ule wa kufungua milango ya watu wengi, waambie kazi hiyo huifanyi.

Fundi wa namna hiyo, siku polisi au mzee wa kijiji akiuliza, hatalia wala kuapa. Atafungua daftari tu.

Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu walifundishwa kisomo chenye manufaa, yaani kusoma kunakosaidia kazi. Daftari la fundi wa kufuli ni kisomo cha namna hiyo hasa. Na akina mama, msidhani kazi hii ni ya wanaume. Kupima jino la ufunguo kunahitaji jicho na subira, hakuhitaji misuli.

Akitokea hapa Kwaluguru fundi mmoja mwenye cheti na daftari safi, ghala litafunguliwa bila nyundo, na aliyelifungua atalala usingizi wake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Mara ya mwisho ufunguo ulipopotea kwenu, mlifanya nini? Iligharimu kiasi gani?
2. Katika kijiji chetu, nani ni fundi mzuri asiye na cheti? Tumsaidieje akakipate?
3. Andika ukurasa mmoja wa daftari la fundi wa kufuli. Weka tarehe, jina, kazi, shahidi, bei na sahihi.