Kabla ya Kupokea Advansi ya Harusi

Leo tunazungumza na vijana wanaonunua kamera na papo hapo kupokea advansi ya harusi.

Ndoa haifungwi mara ya pili eti kwa sababu picha zimeharibika. Saa saba mchana, jua la utosi, bwana harusi kavaa kanzu nyeupe. Kamera ukiiacha ijipangie yenyewe, huona ule weupe, hupunguza mwanga, na uso unatoka giza tupu. Wasogeze watu kivulini, pima mwanga usoni. Hayo hujifunzi siku ya shughuli. Yajaribu nyumbani, kwa ndugu zako, bila kumtoza mtu.

Hata mpiga picha Ranchhod Oza alifanya kazi kwanza katika studio ya A.C. Gomes, Unguja, ndipo mwaka 1930 akafungua studio yake, Capital Art Studio. Nawe mwombe mpiga picha mzoefu umbebee taa, hata kwa nauli tu. Na picha zihifadhiwe sehemu mbili kabla kadi haijafutwa. Ukiitwa nawe bado hujaiva, mweleze mwenye shughuli ukweli, umwelekeze kwa anayeiweza kazi.