Daftari la Mshahara Liko kwa Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi, makarani na wafanyakazi wa ghala wakiwapo)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelisikia kwa matajiri, nalo ni hili la kuhamisha vitabu vya kampuni na kuvitia katika "wingu". Wengine wameambiwa tu ya kwamba mashini iliyo katika chumba cha hesabu itaondolewa, na mishahara itafanywa kwa wingu. Neno hilo limewatia watu wasiwasi, wala si ajabu, maana wingu halishikiki.

Basi kwanza fahamuni ya kwamba wingu hilo si wingu. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta maelfu kwa maelfu, yenye umeme, jenereta, na askari mlangoni. Mwenye majumba hukodisha nafasi katika kompyuta zake, kama mwenye ghala pale Mombasa anavyokodisha nafasi ya kuweka mizigo. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kuuza nafasi kwa njia hii mwaka 2006, na Google na Microsoft wakafuata. Tajiri hanunui tena mashini. Hulipa kwa kadiri atumiavyo, kama tulipavyo umeme, na kazi yote hupita katika intaneti.

Sitawaambia ya kuwa jambo hili ni baya, kwa sababu si kweli. Biashara ndogo isiyoweza kununua mashini ya maana, na jenereta, na kumlipa fundi wa kuitunza, leo yaweza kupata kazi ileile kwa malipo ya kila mwezi. Ofisi ya Kisumu na ofisi ya Mombasa zaandika katika daftari moja, hakuna kungoja faili lije kwa basi. Maji yakiingia ofisini, kama yalivyoingia mahali pengi wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, aliyeweka vitabu vyake mbali hupoteza meza na viti, lakini hesabu zake zabaki.

Hata sisi tuna faida yetu. Ni mara ngapi mwenzetu amekwenda kudai malipo ya saa za ziada akaambiwa faili limepotea? Daftari la wingu, likitengenezwa vizuri, huandika ni nani aliyeligusa, siku gani, saa ngapi, na alibadili nini. Haitoshi tena kusema karatasi zimeliwa na panya.

Lakini, ndugu zangu, mtu akiweka mizigo katika ghala la mwenziwe, ufunguo uko kwa mwenye ghala.

Nitawapa mfano wa Australia, nao watuhusu kwa kuwa ni habari ya akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Kuna mfuko huko uitwao UniSuper, ulioanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi wa vyuo vikuu, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni. Mfuko huo ulikuwa umeweka mashini zake katika wingu la Google. Mwezi wa Mei 2024 sehemu kubwa ya mashini hizo ikafutwa. Si wezi waliofanya hivyo, wala si moto. Google ilieleza baadaye ya kwamba, wakati wa kutengeneza nafasi hiyo, mtumishi wake aliacha sehemu moja tupu katika maagizo, na mashini ikachukua kuwa mkataba ni wa mwaka mmoja tu. Mwaka ulipokwisha ikafuta, bila kumwuliza mtu. Makarani mlio hapa mnajua maana ya kuacha kisanduku kimoja wazi katika fomu!

Kwa muda wa juma moja hivi wanachama hawakuweza kuitazama akiba yao. Fedha zenyewe hazikupotea, na vitabu vilirudishwa, na jambo moja lililosaidia sana ni kwamba mfuko ulikuwa umeweka nakala nyingine kwa kampuni nyingine kabisa. Ni kampuni ngapi zetu zenye nakala ya namna hiyo? Huko Strasbourg, Ufaransa, jumba moja la kampuni ya OVHcloud liliteketea tarehe 10 Machi 2021, na wako wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa katika jumba lilelile.

Tena kuna njia ya kufikia wingu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa nzito hapa Kenya na kwa majirani zetu. Siku kama hiyo daftari liko salama lakini halifikiki. Ikiwa ni mwisho wa mwezi, mwenye nyumba hatangoja waya itengenezwe.

Na malipo yake mara nyingi huwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Januari 2024 ilipita 160. Aliyekuwa akilipa kwa dola aliona gharama imepanda karibu thuluthi moja, naye hakuongeza kazi hata kidogo. Tajiri akitafuta pa kupunguza, mnajua huanzia wapi.

Juu ya kupunguzwa, watakaoguswa kwanza ni fundi wa mashini na karani wa masjala. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yamtaka tajiri akiarifu chama na afisa wa kazi muda usiopungua mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na ni watu wangapi, na alipe malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimizwa. Hakuna mahali sheria inaposema isipokuwa kazi ikihamia wingu.

Wala tajiri asiseme ya kwamba vitabu viko kwa watu wa kompyuta, yeye hahusiki. Kwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, yeye aliyeamua habari zetu zichukuliwe na zitumiwe vipi ndiye wa kuulizwa, naye lazima awe na mkataba wa maandishi na anayemwekea. Mfanyakazi ana haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake na kutaka makosa yasahihishwe. Habari zikiibwa na kuwa hatari kwa watu, Kamishna wa Data aarifiwe katika saa 72, na wenye habari zao waambiwe pia.

Jambo la neno la siri ni dogo kwa kulitazama, lakini ndilo litakalowaponza makarani. Ikiwa watu sita wanatumia neno moja, daftari huandika jina la mmoja, naye ndiye atakayeitwa ofisini fedha zikipotea. Kila karani adai neno lake peke yake, na asimpe mtu, hata msimamizi akiwa na haraka.

Basi katika mapatano yajayo tutaomba nakala ya vitabu vya mishahara iwekwe kila mwezi mahali pengine, nje ya wingu lilelile. Iandikwe jinsi ya kulipa watu intaneti ikikatika. Na mkataba wa wingu ukiisha, vitabu virudi vikiwa vinasomeka. Tutaomba pia karatasi ya mshahara itolewe kwa kila asiye na simu ya kuionea. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Kazi chataka mfanyakazi apewe maelezo ya malipo na makato yake kwa maandishi. (Vibarua wameachwa nje ya kifungu hicho, na hilo tutalizungumza siku yake.)

Na kabla mashini ya zamani haijaondolewa, kila mmoja aombe karatasi zake za nyuma, zenye makato ya NSSF na ya sako, aziweke nyumbani. Atakayekataliwa alete habari kwa Katibu wa tawi, aseme ni idara gani na ni nani aliyemkatalia.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Kama kuna maswali, niko tayari.